Kamba ya Nyuma

Siku hizi sili ya kranki huja ndani ya kiboksi,
mpira mweusi, duara kamili, na namba yake mgongoni.
Unaigonga mara mbili, umemaliza.
Kijana wangu Hoza hajui kwamba zamani
oili tuliizuia kwa kamba.

Kamba, naam. Nyuzi zilizosukwa, nene kama kidole cha mtoto,
zilizolazwa usiku kucha ndani ya kopo la oili
pale gereji ya Barabara ya Tisa, Ngamiani,
nasi tukilala huku tukijua zinakunywa.

Fundi Singano alikuwa Mbondei wa Muheza,
na kwao singano ndiyo sindano.
Madereva walimtania: wewe ni fundi wa magari au wa kanzu?
Hakujibu. Midomo yake ilikuwa imebana skrubu.

Mwaka ule kamba za dukani ziliadimika,
wakala wa Pijo alibaki na kalenda ukutani.
Singano akanunua tambi za jiko la mchina,
akazisuka tatu tatu,
akanituma kuokota vipande vya penseli nyuma ya shule,
akasaga viini vyake hadi vikawa unga mweusi wa kung'aa,
akaukanda na shahamu ya ng'ombe.
Gereji ikanuka kama supu iliyopita darasani.

Kisha kazi yenyewe.
Unailaza kamba kwenye mfereji wa beringi ya mwisho.
Huipigi. Unaibiringisha
kwa mpini wa nyundo uliolainishwa na viganja,
kutoka katikati kwenda nchani,
kama anayesukuma chapati alfajiri
na hataki mwenye nyumba aamke.
"Usiibembeleze sana," alisema, "wala usiitukane."
Ncha mbili zinabaki zimechomoza.
Hapo ndipo pa wembe:
unaacha unene wa ukucha kila upande, si zaidi.
"Wenzetu wanaziba ufa, wanakwenda kulala.
Sisi tunaziba kitu kinachozunguka."

Akanipa wembe. Nilikuwa na miaka kumi na minne.
Gari lilikuwa la Nesi Perpetua wa Bombo,
404, rangi ya chai ya maziwa.
Ncha ya kwanza nikaikata sawa.
Ya pili, mkono ukateleza kwa shahamu,
nikakata hadi ndani.
Nikafunika kwa kitambaa.
Nikasema tumbo linauma, nikaenda zangu Chumbageni,
na usiku ule nilisikia oili ikidondoka
katika kila bomba la nyumba yetu.

Asubuhi injini ilikuwa imeshafungwa.
Singano alizungusha kranki kwa mkono:
nzito, kama inavyotakiwa.
Akatandika katoni chini. Tukangoja siku mbili.
Tone moja tu, dogo kama mbegu ya mchicha.
Akanitazama, akatema skrubu kiganjani, akasema,
"Kachemshe chai."

Nami nikaamini, kwa miaka thelathini na tano,
kwamba sikuwa nimekosea.

Juzi mjukuu wa Nesi amelileta gari lilelile,
likivutwa na trekta la shamba la katani,
kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma.
Nimefungua. Kamba ilikuwa mahali pake,
imekauka, nyeusi kama mkaa wa mkwaju.
Nikaichomoa kwa ncha ya bisibisi.
Upande mmoja, mkato wangu.
Upande wa pili, kiungo:
kipande kifupi cha utambi
kilichoshikizwa kwa uzi wa magunia,
mishono saba, midogo, iliyopangana,
ya mtu aliyekuwa na kandili na muda
na hakuona haja ya kusema.

Hoza ananiuliza: tuitupe hii?

Tambi mpya ziko kwenye kopo, zinakunywa.
Kesho nitampa wembe.
Na sasa hivi, kabla Mpemba hajafunga duka,
nakwenda kununua sindano.